Mwalimu Nthoki Hakukosea Jina

Baba Mchungaji, wazee, akina mama, walimu mliofundisha na marehemu, majirani wa Buruburu na wageni wetu mliotoka Huruma na Kariokor, mimi ni Muoki Muindi, kitinda mimba wa nyumba hii, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, Mwalimu Nthoki Musau. Naomba radhi mapema kwamba karatasi hii ni ndefu, na kwamba mahali pengine sauti yangu itapanda, kwa sababu kuna neno lililosemwa juu yake mbele ya nchi nzima likaachwa hivyo hivyo, na sisi hatutamzika akiwa nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 katika hospitali ya Pumwani, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Muindi, mchonga vinyago aliyekuwa na kibanda chake karibu na soko la Kariokor, na mama yetu Mwongeli, aliyeuza mboga kwenye soko hilo hilo, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuimba na mtu wa kusahihisha, maana hata baba akikosea ubeti wa wimbo wa kanisani huku akipiga patasi, Nthoki alimsimamisha na kumwanzisha upya.

Alianza shule ya msingi hapa Nairobi mwaka 1968, akapelekwa Machakos kwa masomo ya sekondari mwaka 1975, na baada ya kidato cha nne akaingia chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1982 akiwa na alama za juu katika muziki. Januari 1983 aliajiriwa kufundisha katika shule ya msingi mtaani Huruma, na hapo alikaa miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu Aprili 2021, akiisha kufundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao.

Wengi wenu mliimba katika kwaya yake na mnakumbuka mambo ya mwaka 1994, siku kwaya hiyo ilipotangazwa ya kwanza katika mashindano ya wilaya, watoto wakarudi Huruma wakiimba barabara nzima, naye akaketi mezani na karatasi ya alama, akajumlisha mara tatu, akaona waamuzi wamekosea kwa alama mbili na kwamba kikombe kilikuwa cha shule nyingine. Kesho yake alikirudisha kwa mikono yake mwenyewe, na watoto walipolia aliwaambia, "Lieni, mna haki ya kulia, lakini kikombe cha mwenzenu hakilali kwetu." Nasoma habari hii ili mjue ni mwanamke wa aina gani aliyekuja kuitwa mtu asiyejua anachosoma.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa katika kanisa hili hili na shemeji yetu Musau, dereva wa mabasi ya Jogoo Road, na mwaka 1989 wakahamia hapa Buruburu, ambako Mungu aliwajalia watoto watatu, Ndete, Wavinya na Mwongeli, na wajukuu wanne. Shemeji alitutangulia mwaka 2014, na tangu hapo dada alijaza nyumba yake kwa nyimbo za watoto wa watu.

Mwaka 2023 nchi yetu ilialikwa kupeleka mwimbaji mmoja katika shindano la nyimbo la mataifa, ikaundwa kamati ya kumteua, na kamati ikatafuta waamuzi watano wenye ujuzi. Jina la dada lilipendekezwa na walimu wenzake, akafurahi kuliko nilivyomwona akifurahi tangu aolewe, akashonewa gauni la kitenge cha kijani, akanunua daftari jipya, na kwa wiki sita akasikiliza waimbaji arobaini na mmoja, kila mmoja na ukurasa wake.

Fainali ilifanyika Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2023, mchana, ikionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, na sisi ndugu zake tulikuwa safu ya tatu. Waimbaji sita waliimba, waamuzi wakaingia chumba cha nyuma, wakajumlisha alama mbele ya kila mmoja, na wa kwanza akawa Deeqa Burale, binti wa Kisomali wa miaka ishirini na mitatu wa Huruma, kwa alama mia mbili thelathini na moja, na wa pili akawa Roseline Khavere kwa alama mia mbili kumi na tisa, na waamuzi wote watano wakatia sahihi. Kuna waliosema baadaye kwamba Deeqa alikuwa mwanafunzi wake. Ni uongo. Dada hakuwa amemwona binti huyo kabla ya shindano, maana alisoma shule nyingine kabisa.

Mwenyekiti wa kamati aliichukua karatasi ile, akatoka, na baada ya dakika ishirini akarudi na kadi iliyochapishwa jina la Roseline, akampa dada, ambaye alikuwa amechaguliwa kutangaza. Haya nayasema kama alivyoyasema yeye mwenyewe nyumbani kwake siku iliyofuata, akiwa ametulia, mbele ya watu wazima saba. Alimwambia mwenyekiti, "Hili si jina tulilolitilia sahihi." Mwenyekiti akajibu, "Mama, jina lile litatuletea maswali huko nje. Watu wanataka wakimwona mwimbaji wetu wajue ni Mkenya." Dada akauliza, "Kwani amezaliwa wapi?" Jibu lilikuwa Pumwani, alipozaliwa dada, nilipozaliwa mimi, na walipozaliwa nusu ya watu walioketi hapa. Aliwageukia waamuzi wenzake wanne, watu wenye elimu na majina makubwa, nao wakatazama meza. Mwenyekiti akasema, "Soma tu kilichoandikwa, Mama, si kazi ngumu."

Basi dada akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaigeuza ile kadi chini juu, na kwa sauti ile ile ya gwaride la asubuhi shuleni akasema, "Waamuzi watano wametoa alama zao, na kwa alama mia mbili thelathini na moja, mshindi ni Deeqa Burale wa Huruma." Ukumbi ulilipuka, vijana wa Huruma wakapanda juu ya viti wakipiga kelele, "Tichee mnoma! Tichee mnoma!" yaani mwalimu ni hodari, na kabla binti hajafika jukwaani televisheni ilikuwa imekata, ikaonyesha tangazo la mafuta ya kupikia.

Tarehe 20 Novemba kamati ilitoa taarifa kwa magazeti, ikasema kwamba jaji mmoja, kutokana na umri na hali ya afya yake, alichanganyikiwa akasoma jina lisilo, na kwamba mshindi halali alikuwa Roseline. Umri wenyewe ulikuwa miaka sitini na miwili. Hali ya afya hawakuitaja, kwa sababu haikuwepo. Waamuzi wanne hawakufungua midomo, wala hawajaifungua hadi leo, na kama kuna mmoja wao amekuja kukaa nyuma hapo, ajue tumemwona.

Ndugu zangu, mtu akiitwa mwizi anaweza kupekuliwa mifuko akaonekana hana kitu, lakini akiitwa mtu aliyechanganyikiwa, kila anachosema kujitetea huhesabiwa kuwa ni ule ugonjwa wake. Shule ya binafsi aliyokuwa akifundisha muziki siku mbili kwa wiki ilimwambia apumzike, wazazi wana wasiwasi. Watu wa kanisa hili, na nalisema nikiwa ndani yake, walianza kuzungumza naye polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto, na mama mmoja alimshika mkono kumvusha barabara aliyoivuka peke yake tangu mwaka 1989. Januari 2024 alikwenda kwa daktari bingwa wa ubongo, akapimwa kwa siku mbili, akaandikiwa barua isemayo kwamba kumbukumbu yake ni timamu na ni nzuri kuliko ya wengi wa umri wake. Aliipeleka barua hiyo katika ofisi ya kamati mara tatu, tarehe 5, 12 na 19 Februari, na mara zote tatu aliketishwa kwenye benchi la mapokezi hadi ofisi ikafungwa.

Hata kwa wale aliowatetea hakupokelewa kwa maua. Watu walimtukana Deeqa mitandaoni, wengine wakaingia katika duka la nguo la baba yake, Mzee Burale, kule Kariokor, wakidai kuonyeshwa vitambulisho vya familia nzima, na dada alipokwenda kuwajulia hali, mama wa binti, Mama Kawsar, alimwambia mlangoni, "Mwalimu, ungesoma ile kadi, sisi tungelala usingizi." Dada alirudi Buruburu, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akiuliza kama alifanya vibaya. Nilimwambia hapana. Akasema, "Wewe ni ndugu yangu, huwezi kuwa mwamuzi."

Aliyemjibu ni Deeqa mwenyewe, aliyebisha hodi mwezi Machi akasema, "Mwalimu, mama alikasirika kwa sababu anaogopa. Mimi ningekasirika kama ningeambiwa nilishindwa." Kuanzia siku hiyo wawili hao walifundisha kwaya ya vijana kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa wa Huruma, watoto wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja, na Mama Kawsar naye akaanza kuwaletea chai, na leo ameketi pale na akina mama wa nyumba hii.

Wala hatumlaumu Roseline, aliyepelekwa ng'ambo bila kujua lililotendeka chumba cha nyuma, akarudi, akasikia, akaja Buruburu akilia. Dada alimkalisha, akamwambia, "Uliimba vizuri sana, ulikuwa wa pili, na kuwa wa pili si aibu." Binti huyo alikwenda akaandika mitandaoni kwamba alikuwa wa pili, kwa jina lake mwenyewe, wazi, wakati watu wazima wenye vyeo wakiufyata mkia.

Februari 2025 dada alianza kuumwa tumbo, akagunduliwa saratani ya utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji mwezi Machi na kutibiwa hadi Agosti, akili yake ikiwa kamili, kiasi kwamba aliwasahihisha wauguzi majina ya dawa zake. Alifariki tarehe 6 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na watoto wake watatu.

Tarehe 10 Septemba familia ilipokea barua kutoka kwa ile kamati, ikimwita dada "jaji wetu mpendwa" na kuomba dakika tano za kuzungumza leo. Tuliwajibu siku hiyo hiyo kwamba viti vipo na chakula kipo, lakini kipaza sauti hawatakishika mpaka taarifa yao ya tarehe 20 Novemba isahihishwe katika magazeti yale yale, kwa herufi za ukubwa ule ule. Hawakujibu. Kwa hiyo tunasahihisha sisi, leo tarehe 13 Septemba 2025, mbele ya jeneza: Mwalimu Nthoki aliona vizuri, alijua anachofanya, na jina alilolisoma ndilo lililoshinda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa miezi saba, daktari wa ubongo aliyeandika ukweli wakati haukuwa na faida kwake, majirani wa Buruburu mliopika na kukesha nasi, walimu wenzake mliokataa kumcheka, na jamaa za Mzee Burale mliofunga duka ili kuja kumsindikiza. Tukitoka hapa tunaelekea Mwala, kule Machakos, kwa mazishi, na kwaya itakayomwimbia huko itaongozwa na Deeqa.

Dada, umefundisha, umeimba, umejumlisha, umechoka. Lala sasa, upumzike, na ugomvi uliobaki tuachie sisi.