Kidoti cha Herminia

Benchi letu hapa Oaxaca liko nje ya duka la kunyolea la mzee Fidencio, tunayemwita Wembe. Siku ile ya kupamba madhabahu ya wafu, roho zao zinaporudi nyumbani, chungu cha kahawa ya mdalasini kilijaa na hakuna aliyechota, maana Wembe alikuwa amefura. Ameshika picha ya marehemu mkewe, Herminia, ambayo Foco mpiga picha alikuwa amemletea muda huo huo.

— Huyu si Herminia! Kidoti umekiweka shavu silo! Leo roho yake ikija, itapita mlango wa jirani!

— Mzee, tulia, — Foco akasema. — Negativu yako ilikuwa ndogo kama kiberiti. Nikaitoa nakala, nakala nikaikuza kwenye filamu ikawa negativu kubwa sawa na karatasi hiyo. Nikaibana kwa kioo juu ya karatasi yenye dawa, nikaianika juani. Kosa liko wapi?

— Gizani, kwenye chumba chako cha picha! Ulikuwa unapapasa, ukaigeuza!

— Upande wa filamu usiong'aa ndio unaogusa karatasi. Hilo sikosei hata nikiwa na homa.

— Basi igeuze, uanike tena!

— Nikiigeuza sura inatoka na ukungu. Na filamu kubwa zimeniishia.

— Mjinga mkubwa wewe!

Redio, muuza tiketi za bahati nasibu, hakuweza kuvumilia.

— Kosa si lake, Wembe. Filamu hizo zinatoka Ajentina. Kule dunia iko kichwa chini, kila kitu kinatoka kinyume.

— Nyamaza, Redio.

— Au marehemu mwenyewe kageuka. Amechoka kukutazama upande mmoja.

Wembe akamrukia, nikaingia katikati. Nami hasira zilinipanda. Redio anajua wazi kwamba Herminia alikaa kwenye kiti nyuma ya mumewe miaka yote akishona, na mzee akinyoa watu. Waligombana na kuchekeana kupitia kioo cha ukutani, wembe haujaacha shavu la mteja.

Ndipo akafika Casilda, dada wa marehemu, amekumbatia maua ya manjano. Akaitazama picha, machozi yakamlengalenga.

— Ndiye. Ndiye kabisa.

— Ndiye nini? — Wembe akafoka. — Kidoti hukioni?

— Nakiona, shemeji. Kiko pale pale alipozaliwa nacho.

— Miaka yote nimemwona, unanifundisha sura ya mke wangu?

— Ulimwona kiooni. Mara ya mwisho kumgeukia, ukamtazama usoni, ilikuwa lini?

Redio akainamia tiketi zake.

Wembe akaingia ndani na picha. Tulimwona kupitia mlangoni, ametugeuzia mgongo, ameinua picha mbele ya kioo. Mle kiooni kidoti kilikuwa kimerudi upande wake.

— Herminia, — akasema, na hakugeuka.