Filemoni Ziro Dzombo: Bwana Afya na Siku Kumi na Moja za Kimya

(1922 – 1979)

Kabla ya yote, ndugu mliokusanyika hapa Bongwe, na nyinyi mtakaoisoma karatasi hii baadaye, mwoneni kwanza akija. Baiskeli nyeusi, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hata ingesimama yenyewe, debe limefungwa nyuma kwa mpira, na fimbo ndefu yenye alama, ya kupimia visima. Anashuka mwanzoni mwa kiambo na kuikokota baiskeli, na kabla hajabisha hodi macho yake yameshafika chooni. Watoto wanakimbia kufunika mitungi. "Bwana Afya huyo! Bwana Afya!" Huyo ndiye tunayemzika leo.

Marehemu alizaliwa karibu na Kinango mwaka 1922, mtoto wa tatu wa mzee Dzombo na mama Dama. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mamake alikuwa akisema ni mwezi wa Novemba, kwa kuwa uchungu ulimshika shambani, mbegu za mahindi zingali mkononi. Watoto wawili waliomtangulia walikufa kwa kuharisha, wote katika juma moja. Mamake alimwambia habari hiyo mara moja tu, Ziro akiwa tayari mtu mzima, naye hakumwuliza tena.

Alianza masomo mwaka 1932 katika shule ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na akabatizwa kwa jina la Filemoni siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1936. Alifika darasa la sita. Mwaka 1939 ukame ulimaliza ng'ombe wa babake, na shule ikaishia hapo. Lakini mtu huyu hakuacha kusoma; hata karatasi iliyofungiwa sukari aliikunjua akaisoma pande zote mbili kabla ya kuitupa.

Mwaka 1943 alipata kazi ya kupuliza dawa ya mbu kule Mombasa. Wakubwa wake wakaona kwamba kijana huyu haulizi tu dawa inapulizwa wapi, huuliza na kwa nini. Mwaka 1951 alipelekwa kozi ya miezi tisa, akatoka msaidizi wa afya, na mwaka 1958 akahamishiwa Msambweni. Uhuru ulipofika, mkubwa wake Mzungu alifunga mizigo akamwachia funguo za stoo na eneo zima kuanzia Gazi hadi Ramisi. Visima mia mbili na kumi na vinne. Alivijua vyote, na wenyewe, na kina cha kila kimoja.

Alifunga ndoa na Hannah Kadzo binti Kahindi tarehe 28 Agosti 1948. Siku ya kwenda kuposa, wazee wakiwa bado wanaulizana hali, yeye aliinuka polepole akafunua mtungi wa maji pale pembeni, akachungulia ndani. Mzee Kahindi akamwuliza: "Kijana, umekuja kuposa binti yangu au mtungi wangu?" Ziro akajibu kwa adabu: "Binti, baba. Lakini naye hunywa humu." Wazee walicheka hadi maneno ya mahari yakawa mepesi. Mungu aliwajalia watoto watano, na watano wote wakakua. Kwa Ziro hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko cheo chochote.

Sasa tuje kwenye mwaka 1971, kwa sababu mwenyewe alisema wazi kwamba asisifiwe kaburini bila habari hii kusomwa.

Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba kipindupindu kimeingia nchini. Ziro hakungoja kifike kwake. Mapema mwaka huo alijaza stoo mapipa ya dawa nyeupe ya visima, akafundisha vijana kuchanganya, akaandika ni kiambo gani kina kitanda chepesi cha kubebea mgonjwa na nani watabeba. Masika yalipoanza alikuwa tayari. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amehesabu kila kitu kinachohesabika.

Jumanne tarehe 4 Mei mgonjwa wa kwanza alifariki katika kitongoji cha Mwachitema: Boga, mshona makuti, mtu wa watu. Amri iliyotoka juu ilisema aliyekufa kwa ugonjwa huo asioshwe wala asiguswe na jamaa. Azikwe papo hapo na watu wa serikali. Ziro aliitii. Boga alifungwa ndani ya turubai lililonyunyiziwa dawa, akashushwa kaburini na vibarua waliovaa buti za mpira, bila tone la maji ya kuoshea, bila sanda. Wanawake walisimama mbali wakitazama. Hakuna aliyelia kwa sauti.

Baada ya hapo kukawa kimya. Kila asubuhi Ziro aliuliza, "Kuna mgonjwa?" na kila kiambo kikamjibu, "Hakuna, alhamdulillahi, sote wazima." Siku ya kumi na moja, Jumamosi, aliketi akaandika barua kwa wakubwa wake kwamba ugonjwa Mwachitema umekwisha. Akampa dereva wa basi la Kwale, kisha akapita dukani kwa Salimu kununua bafta ya kuchujia maji.

"Nikatie yadi mbili."

"Bafta imekwisha, Bwana Afya."

"Imekwisha? Juzi nililiona jora zima hapo juu."

"Yalikuwa majora mawili."

"Kuna harusi ya nani?"

Salimu akainamia mizani yake, nayo haikuwa na kitu cha kupima. "Si harusi," akasema.

Ziro alisimama pale, mkono umeshika kaunta. Bafta ndiyo sanda. Watu walikuwa wakifa, wakioshwa kwa siri na kuzikwa kabla jua halijapanda, na maji ya kuwaosha yakimwagwa popote, karibu na visima vile vile alivyovipima. Alimwambia mkewe baadaye kwamba hakuwakasirikia hata kidogo. Alijiona mjinga. Aliwauliza watu wanaomwogopa kama ni wazima, akaamini walipomjibu kwamba ni wazima.

Aliyekuwa akiosha maiti za wanawake kitongojini alikuwa Bi Mwanarusi, na hata waoshaji wa kiume hawakufanya jambo bila kumshauri. Ziro alikwenda kwake kwa miguu, bila fimbo wala debe.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Leo umekuja kumfunga nani turubai?"

"Sikuja kufunga. Nimekuja kufundishwa."

"Wewe? Wewe hujui yote?"

"Sijui maiti huoshwa vipi. Nilipiga marufuku kitu nisichokijua."

Bi Mwanarusi alimtazama sana. Kisha akaingia ndani, akatoka na mto mrefu wa kitandani, akaulaza juu ya mkeka. "Haya. Huyu ndiye maiti. Kaa chini, na usiniulize maswali ya serikali."

Akamwonesha. Nguo ya kumsitiri haiondolewi. Mwoshaji huzungusha kitambaa mkononi, hamgusi maiti kwa mkono mtupu. Maji humiminwa mara tatu, ya mwisho yana karafuu maiti. Chini ya kitanda huchimbwa ufuo, yaani mtaro wa kupokea maji yote yanayotoka mwilini. Ziro alifuata kila hatua kama mwanafunzi. Katikati ya somo akasikia mtu akitapika chumba cha ndani, kwa sauti iliyobanwa na nguo. Bi Mwanarusi akasimamisha mikono. Ziro hakuinua macho kutoka kwenye mto.

"Endelea, bi mkubwa," akasema. "Ufuo huchimbwa kina gani?"

Pale pale wakaanza kupatana. Ufuo uchimbwe hadi kiunoni, mbali na kisima, na dawa nyeupe imwagwe ndani kabla na baada. Waoshaji wawe wawili tu, kitambaa cha mkononi kichomwe, waoge kwa sabuni, na kwa siku tatu wasiguse chungu cha watu. Sala isaliwe. Sanda ivishwe. Lakini chakula cha matanga kisipikwe mpaka mvua ziishe.

"Bila chakula watasema tumemtupa mtu wetu," alisema Bi Mwanarusi.

"Wapikie hitima baada ya mvua. Nitakuja kula mwenyewe."

"Na amri yako?"

"Amri nitaijibu mimi. Nawe utanipa nini?"

Bi Mwanarusi akakunja mkeka taratibu. "Biasha, binti yangu, yumo ndani tangu jana," akasema. "Ingia umwone. Lakini akifa, Bwana Afya, akifa nitamwosha mimi."

"Utamwosha wewe."

Biasha alibebwa kwa kitanda hadi barabarani, apelekwe hospitali, adhuhuri ile ile, na mamake akitembea kando yake waziwazi, watu wote wakiona. Ndipo milango mingine ikafunguliwa. Kabla ya magharibi walitolewa wagonjwa wanne, na katika wiki tatu wakafika kumi na tisa. Wawili walifariki, wakaoshwa kwa heshima zote, na hakuna mwoshaji aliyeugua. Biasha alipona.

Lakini katika zile siku kumi na moja walikuwa wamekufa watu saba. Ziro aliandika barua ya pili: "Barua yangu ya kwanza haikuwa kweli. Sikudanganywa na watu, niliwatisha." Akaeleza pia jinsi alivyoivunja amri. Alipewa onyo, cheo alichotarajia akapewa mwingine, na mwaka uliofuata akahamishiwa Shimoni. Hakunung'unika. Alisema Wasini, kisiwani ng'ambo ya Shimoni, kuna birika nyingi za kuhifadhi maji ya mvua ambazo hakuna aliyezichungulia. Na kila mwaka kabla ya masika alirudi Mwachitema, akaketi na Bi Mwanarusi na imamu, wakauliza upya: dawa ipo? Nani wataosha? Nani watabeba kitanda?

Alistaafu mwaka 1977 akahamia hapa Bongwe. Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua, akawa anaingia na kutoka hospitali. Januari hii Bi Mwanarusi alikuja kumjulia hali.

"Umekonda, Bwana Afya. Na choo chako nimekipitia, kifuniko hakikai sawa."

Marehemu alicheka hadi akakohoa. Alipotulia akamwuliza: "Wale saba, bi mkubwa. Mnaniwia radhi?"

"Sisi ndio tuliowaficha," alisema Bi Mwanarusi. "Nimeshakusamehe siku nyingi. Nawe nisamehe."

"Mlinificha kwa sababu nilikuwa mtu wa kufichwa," alisema Ziro, akamshika mkono.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 6 Machi 1979, alfajiri, mkewe akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka 56.

Marehemu ameacha mjane, Hannah Kadzo. Watoto watano, Mwero, Dama, Kitsao, Mapenzi na Kanze. Wajukuu kumi na mmoja. Na ndugu na marafiki wa Kinango, Msambweni, Shimoni na Wasini, wanaosali kanisani na wanaosali msikitini.

Mungu ampokee mja wake, ampe pumziko lenye amani. Nasi tunaorudi majumbani mwetu jioni hii: yule jirani ambaye leo ni siku ya tatu hatujasikia sauti yake, ni mzima, au anatuogopa?