Mbega Juu ya Mparachichi

Watu wa Embu hulima kahawa wakanywa chai, lakini kijiwe cha mtaa wa Majimbo kiliasi zamani. Asubuhi huko ni kahawa ya birika la mzee Mbaabu, nyeusi tii, chini ya mparachichi ulio kando ya barabara. Jumamosi hiyo Gachoki, aitwaye Satelaiti kwa kuwa hakuna habari isiyompitia, aliwakuta wenzake wote wameinua shingo. Tawini alikaa mbega, mkia mweupe unaning'inia, kifuani amekumbatia kitoto cheupe kama pamba.

— Ametoka msitu wa Njukiri, alisema Ngari, ambaye kijiweni ni Hakimu. Si mnajua nyani haoni kundule? Ndiyo maana amepotea njia.

— Huyo si nyani, Hakimu. Ni mbega.

— Ni watu wa ukoo mmoja. Methali haibagui.

Kathuri muuza muguka akatema pembeni majani aliyokuwa akitafuna.

— Sikizeni. Ule msitu umelindwa mpaka miti imejaa, ndege wamejaa, chemchemi zimejaa. Sasa vyumba vimeisha. Huyu mama anatafuta ploti.

— Ploti gani! Huyo ni mpelelezi, alisema Hakimu. Ametumwa kupima. Kesho utasikia mpaka wa msitu umefika kwa choo chako.

— Na mtoto je?

— Mtoto ni wa kutuhadaa. Mpelelezi bila mtoto atashukiwa.

Kijiwe kikaangua kicheko. Sasa ilikuwa zamu ya Gachoki kutia chumvi, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mkono mweusi ulioshika kisogo cha mtoto. Alikumbuka binti yake Ciku, alivyombeba mgongoni kwa leso ya marehemu mkewe, akizunguka naye nyumbani, akiimba vibaya mpaka mtoto analala. Ciku sasa ni mwalimu kule Ishiara.

— Satelaiti, leo hakuna netwaki?

— Amechoka tu huyo mama, alisema Gachoki. Mwacheni.

Mbwa akaja mbio, akabweka chini ya mti. Mbega akamvuta mtoto karibu zaidi, akapanda tawi la mwisho. Juu yake hakukuwa na kitu ila anga.

Hapo ndipo alipofika Wawira, mpangaji mgeni aliyehamia wiki hiyo, mtoto mgongoni.

— Hamjambo wazee. Na huyu akitaka kurudi kwao, atapitia miti gani?

Hakimu akainua kidole.

— Kuna ile miti ya...

Kidole kikabaki hewani. Pale sasa palikuwa na nyumba za kupangisha. Kathuri akafikiria ua wake mwenyewe wa miti, alioukata Krismasi. Msitu ulikuwa kule juu, mzima, wa kijani, unalindwa vizuri. Kati yake na kijiwe kulikuwa na mabati na lami.

Gachoki akaweka kikombe chini.

— Mbaabu, shika huyo mbwa. Hakimu, zuia boda upande ule. Kathuri, upande huu.

— Na wakiuliza?

— Waambie kuna mama anavuka.

Wakangoja. Vijana wa boda walikuja na makelele, wakaona, wakazima pikipiki mmoja mmoja. Mbega akashuka taratibu, akasimama kwenye shina, akamtazama Gachoki. Gachoki hakupepesa macho. Kisha mbega akavuka lami kwa kuruka, mtoto kaning'inia tumboni, akaparamia ukuta, akaenda paa kwa paa kuelekea juu, mpaka ule weupe ukapotea machoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakimu alipangusa jicho, akasingizia vumbi.

— Leo tulikuwa hapa, alisema Wawira. Na mwingine akija siku ambayo hatupo?

Hakimu akatafuta methali, akaikosa. Mbaabu akainamisha birika, likatoa tone moja tu.

Gachoki akasogea pembeni mwa benchi, akampa Wawira nafasi akae na mtoto wake.