Kikohozi cha Yona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo nina neno zito. Mnanijua kama Zakaria, mpiga gitaa wa kwaya hapa Itigi. Leo nataka mnijue vizuri, hata kama baada ya hapa mtaninyang'anya hilo gitaa.

Zamani nilikuwa mtu wa baa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imemwagwa sokoni, na kanda za roki za Wazungu zinauzwa juu ya mafungu ya suruali kuukuu. Yona, kijana wa Kilimatinde, alizisikiliza kanda hizo mpaka zikakatika, kisha akatunga roki yake mwenyewe. Jamani, yule mtu alipiga! Bendi nyingine pale Manyoni zilipiga dansi la kutabasamu, na viatu vya kung'aa. Yona aliimba ukame na ng'ombe waliokufa, Kigogo na Kiswahili pamoja, na gitaa lake alilifunga waya za breki ya baiskeli badala ya nyuzi. Lilikwaruza mpaka meno yanauma. Mimi nilipiga besi nyuma yake, nikajiona kama mkuu wa wilaya.

Basi akaanza kukohoa. Ikawa anaimba amewapa watu mgongo, ili wasione leso. Watu walidhani ni maringo. Mimi niliiona ile leso, ndugu zangu. Ilikuwa na damu.

Siku moja tulikuwa tunarekodi kanda yetu ya kwanza, kwenye stoo ya mwenye baa. Upande wa kwanza ulipoisha, Yona akakaa chini akaniambia, "Zakaria, kifua kimenishinda. Nirudishe kwa mama." Nikamjibu, "Vumilia kaka, tumalize upande wa pili." Akasimama, akageukia ukuta, akaimba. Katikati ya wimbo wa mwisho alikohoa mara tatu. Hatukurudia, kwa sababu kanda ilikuwa inakaribia kuisha. Wiki ile ile tulimzika Kilimatinde. Mama yake akaniuliza kama mwanawe alisema neno lolote. Nikamwambia, "Hapana mama, aliondoka kimya kimya." Mungu wangu, nilisema hivyo!

Kanda ikasambaa. Ikanakiliwa Singida mjini, ikafika Mungaa, ikafika kwa wachimbaji wa Sekenke. Bendi mpya zikazaliwa kila kona. Vijana wenye uwezo wa kununua nyuzi dukani walizing'oa wakafunga waya za breki. Waliimba wamegeuza mgongo. Na walikiiga hata kile kikohozi! Mara tatu, pale pale kwenye wimbo, na ukumbi mzima unaitikia kwa kukohoa. Harusini walikohoa. Kila nilipokisikia nilitamani ardhi inimeze. Je, nilisema ukweli? Thubutu! Nilianzisha bendi yangu, nikajiita mrithi wa Yona, nikawafundisha wengine namna ya kukohoa. Nilikunywa gongo tangu asubuhi ili nisikumbuke, na nikikumbuka naongeza. Mke wangu akarudi kwao. Nasema mbele za Mungu, niliomba kufa.

Katika bendi yangu alikuwepo binti mmoja, Neema, mwimbaji hodari kutushinda sote. Jumapili moja alasiri, kwenye uwanja wa baa, akiwa amewapa watu mgongo, alikohoa zile mara tatu. Watu wakashangilia. Akakohoa ya nne, akakohoa ya tano. Wakashangilia zaidi, wakidhani ni mbwembwe! Nami nikaendelea kupiga besi. Niliendelea, ndugu zangu! Mkono unapiga na moyo unajua. Ndipo nikasikia ndani yangu, "Zakaria, unafanya tena?"

Nikang'oa waya wa spika. Nikamgeuza Neema. Kanga yake ilikuwa na damu. Watu wakanizomea, mmoja akanirushia chupa. Nikampakia kwenye baiskeli mpaka hospitali, wakasema ni kifua kikuu. Alimeza dawa miezi na miezi. Neema yu hai! Lakini wimbo mmoja haumalizi, pumzi hana, na kuna siku akinitazama nainamisha kichwa.

Kisha nikaenda Kilimatinde kwa mama yake Yona. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama. Nilikudanganya. Yona aliomba kurudi kwako, mimi nikamzuia." Alilia mpaka nikaogopa. Akasema, "Kumbe aliniita. Miaka yote hii nilidhani mwanangu alinisahau." Hakusema amenisamehe. Alisema nikae nile. Nilikula ugali wake huku machozi yakinidondoka kwenye mlenda, nikamwita Yesu kwa jina lake kwa mara ya kwanza. Tangu siku ile gongo sijaigusa.

Wale vijana bado wanakohoa. Nimewaeleza, wananicheka, wanasema mzee ameokoka anachukia muziki. Najua nitakisikia kile kikohozi mpaka siku ya kufa kwangu. Lakini namshukuru Yesu aliyenishika mkono nikiwa katikati ya uovu ule ule. Hakungoja nimalize. Ukimwamini, hata wewe hatakungoja umalize.

Sasa, kuna mtu hapo nyuma anakohoa tangu ibada ianze. Sijui ni vumbi, sijui ni mafua. Mpendwa, usituonee aibu. Njoo mbele tukuombee, halafu tutoke mimi na wewe, twende hospitali sasa hivi. Kwaya itaimba bila gitaa.