Kitambaa Cheupe cha Martina

Bwana Likwata aliegemea gunia la korosho ndani ya lori, akajifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake Martina, aliyejifunga kitambaa cheupe cha kanisani, alimweleza Bi Kidawa kwamba anakwenda Lindi kuungama. Alikuwa amemchongea mwanakijiji mwenzake Siti kwa balozi wa nyumba kumi kuwa anategea shamba la ujamaa, kumbe mwenzake alikuwa mgonjwa.

"Kwani uliyemkosea ni padri, mwanangu?" Kidawa aliuliza. "Hata sisi Waislamu twatawadha, lakini maji hayafiki moyoni. Siti si yuko hapo Milola mbele?"

"Yupo, mama. Lakini wote hapo wananijua kwa kitambaa hiki. Watasemaje?"

"Watasema leo kimepata mwenyewe."

Lori likasimama Milola. Martina akashika fundo la kitambaa, bado hajainuka. Likwata akakunja miguu kumpisha, akasahau kwamba alikuwa amelala.