Hasara Niliyoshindwa Kuitamka

Assalamu alaikum, mama zangu na dada zangu wa Amu. Sifa zote njema ni za Mola aliyenifungua ulimi, kwani pasi na Yeye jiko langu yeo lingekuwa na kufuli. Wengi mwanijua. Mimi ni Mwanaidi, yule wa achari, ninayejaza mtaa mzima harufu ya pilipili hadi watu wanakwenda msikitini wakipiga chafya. Natumai nimeshasamehewa.

Ndugu zangu, nimesimama kushuhudia mkono wa Mungu katika biashara. Mimi na dadangu Amina twapika achari ya embe na ndimu, na mnunuzi wetu mkubwa ni hoteli moja kule kisiwani Manda. Meneja wake ni mama wa Kizungu ambaye Kiswahili chake ni jambo na asante tu. Kila nikimpelekea chupa hunikalisha kitako, hunimiminia chai, huniuliza kwa Kiingereza biashara yaendaje. Nami humjibu kwa Kiingereza changu cha kuokota gatini, boti zinaposhusha wageni: Very good, thank God.

Nyinyi mwajua mambo ya kwetu. Mtu akikuuliza biashara vipi, hata kama jana umemwaga sufuria zima, jibu ni alhamdulillahi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitulea hivyo. Alikuwa akisema, "Mwanangu, riziki haisemwi vibaya. Itasikia, itahama." Kwetu kulitaja neno hasara ni kujiapiza. Basi mafuta yalipanda bei, sukari ikapanda, chupa za kutoka Mombasa zikapanda, nauli ya boti ikapanda, na mimi niko kwenye boti hiyo hiyo naenda kusema very good. Bei ya achari ilikaa pale pale.

Yule mama alifurahi kwa ajili yangu, wallahi. Siku moja akaniambia, kwa kuwa mambo ni mazuri, basi oda iwe maradufu. Nikasema thank you. Jamani! Kila chupa ninayouza yanila, na mimi nimeitikia niliwe mara mbili. Nikauza bangili zangu za harusi nipate sukari ya ile oda.

Amina alikuwa akiyaona haya yote. Akikata embe hunitazama tu. Mwisho akaniambia, "Dada, oda hii ikisha tufunge jiko. Mimi nitarudi kwa mama mkwe Mkokoni." Amina ni mjane, na huko kwa wakweze hana lake ila kuhesabiwa matonge. Nilijifungia chooni nikalia, maana jiko lile ndilo lililomweka dadangu karibu nami. Likifungwa, nampoteza.

Niliomba kila sala. Na kwa rehema za Mola, ndio wakati Mwalimu Zuhura wa Faza alipoanza darasa la Kiingereza cha biashara kwa wanawake, baada ya alasiri, hapa hapa chuoni wanaposomea watoto Kurani. Nilikwenda kwa kuvutwa mkono na jirani yangu Bi Rukia. Mwalimu akatuandikia ubaoni. Cost, ile gharama uliyoitoa. Income, kile kilichoingia. Profit, faida. Loss, hasara, na hiyo akaipigia mstari. Break even, pale uliporudisha chako tu, hukupata wala hukupoteza. Bi Rukia akasema hilo la mwisho ndilo jina la duka la mumewe.

Kisha akatutaka kila mmoja asimame aseme sentensi moja ya kweli kuhusu biashara yake. Subhanallah, darasa zima we made a profit. Hata Bi Rukia, ambaye sambusa zake ziliungua asubuhi ile mbele ya mato yetu, naye profit. Mwalimu akatutazama, akasema, "Basi Amu nzima ni matajiri. Mimi nafundisha nini hapa?" Tukacheka. Bi Rukia akamwambia, "Mwalimu, hilo jingine halitamkwi. Ni kukufuru neema."

Mwalimu hakucheka. Akasema, "Bi Rukia, kumshukuru Mungu ni wajibu. Lakini kushukuru hakujakukataza kuhesabu. Sema alhamdulillahi kwanza, kisha sema kweli."

Maneno yale yaliniingia, ndugu zangu. Nilisimama, nikasema: Thank God, but we are making a loss. Nikangoja dari lituangukie. Halikuanguka. Tena nitawaambia, kwa Kiingereza lilikuwa jepesi kidogo. Hasara nimeiogopa tangu utotoni, lakini loss hakuna aliyepata kunitisha nayo.

Siku ya kupeleka oda niliisoma ndia nzima ile dua ya kufunguliwa fundo la ulimi. Meneja akanimiminia chai kama desturi, akaniuliza kama desturi. Nikasema vile vile nilivyosema darasani. Akaweka birika chini. Moyo wangu ukasema, Mwanaidi, umeharibu. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia tangu kabla ya ile oda maradufu, naye akashika kichwa. Akaniambia polepole, nipate kuelewa, kwamba wageni wake huiulizia achari ile kabla ya samaki, na kwamba muda wote alidhani ananisaidia.

Tukakaa. Nikamtajia cost moja baada ya nyingine: mafuta, sukari, chupa, boti. Kumbe chupa zetu tupu walikuwa wakizitupa! Akasema atakuwa akinirudishia. Bei tukapatana nyingine. Hiyo profit si kubwa, msije mkanikopa, lakini ni profit.

Mzigo ulivyonitoka siwezi kuueleza. Nilirudi nikamkuta Amina jikoni, na nguo zake zi kitandani, zimekunjwa. Nikamwambia, kwa Kiswahili sasa, "Amina, tulikuwa twala hasara. Nimemwambia, na amekubali kuongeza." Akanitazama sana. "Umelitamka?" Nikamwambia, "Nimelitamka." Akalia, nami nikalia. Kisha akajifuta uso kwa leso, akasema, "Basi nipe kisu, embe zitaoza."

Namshukuru Mola. Namshukuru Mwalimu Zuhura, na yule mama wa Manda pia, Mungu amwongoze. Na wewe uliyeketi hapo, ambaye asubuhi umejibu alhamdulillahi huku hasara yakula, nakuomba umtegemee Mungu kiasi cha kumwambia mja wake kweli. Mola wako aijua hasara yako kabla hujafumbua kinywa. Asiyeijua ni yule ambaye angekusaidia. Darasa ni kila Jumanne baada ya alasiri. Ukiona haya kusimama peke yako, nitasimama nawe tuseme pamoja.