Gerlach na Mbingu Zake Saba

Marehemu Gerlach, kaka yangu, alizaliwa hapa Maastricht tarehe 17 Septemba 1291, mtoto wa kwanza wa Arnold mtengeneza mapipa.

Alisoma kwa watawa. Huko alifundishwa kwamba dunia imetulia katikati kama kiini cha yai, na mbingu zimeizunguka tabaka juu ya tabaka, kila moja na sayari yake, nazo huimba zikizunguka. Akarudi nyumbani akitutaka tule kimya ili azisikie. Siku moja akaruka: "Hizo hapo!" Baba akamjibu, "Mwanangu, hilo ni tumbo langu."

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua, lakini jina alilipata kwa utenzi wake, ambamo roho hupanda kutoka Mwezi hadi Zohali, ikikutana na watu wenye tabia ya kila sayari. Watu hao aliwaokota mtaani kwetu.

Mwaka 1318 alimwoa Oda, baada ya kuahirisha arusi mara mbili akingoja Zuhura akae vizuri angani. Mara ya tatu Oda alimwambia, "Ahirisha tena, ukamwoe huyo huyo Zuhura."

Utenzi ulipokamilika, aliusoma mezani mbele ya wakwe. Alipofika kwa Zohali, penye baridi na vinyongo, mama mkwe wake, Bi Mechtild, aliweka kijiko chini.

"Huyo bibi mwenye chunjua puani ni nani?"

"Ni mfano tu, mama."

Oda aliondoka na mama yake, akakaa huko wiki sita. Gerlach alikonda. Akaandika upya beti mia mbili, akamhamishia mkwewe kwa Mshtarii, penye haki na ukarimu, akaenda kumsomea mlangoni kwao, mvua ikimnyeshea.

"Na chunjua?" akauliza Bi Mechtild.

"Nimeiondoa, mama."

"Irudishe. Watu watajuaje kuwa ni mimi?"

Jioni ile Oda alirudi nyumbani.

Januari mwaka huu kifua kilimbana. Alipiga hesabu za nyota akatangaza kwamba atafariki Jumanne, tarehe 28 Februari, siku ya Mirihi. Tulikusanyika. Alituaga mmoja mmoja, kisha, kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho ya nyama kabla ya Kwaresima, akala soseji tatu. Jumatano akaamka.

"Nimekosea hesabu," alisema kwa aibu.

Oda akamwambia, "Kosea tena, mume wangu."

Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Machi 1346, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Oda.

Ameacha mjane, mabinti wawili, Beatrijs na Heilwig, mimi mdogo wake, Wouter, na Bi Mechtild, ambaye tangu juzi hataki mtu mwingine amkunjie Gerlach sanda.

Mungu ampe kaka yetu pumziko jema.